Onyo la Upepo Lifike Mtumbwini: Wajibu Wetu wa Nyanda za Juu kwa Ndugu Zetu wa Ziwani

Kila mwaka, Dominika ya pili ya mwezi Julai, Mama Kanisa huadhimisha Dominika ya Bahari na kuwaombea mabaharia, wavuvi na familia zao. Katika parokia zetu za Kasulu na Kibondo siku hiyo hupita kimyakimya. Sisi ni watu wa maharage, mahindi, mihogo na migomba. Kufika Bahari ya Hindi kwa barabara ni zaidi ya kilomita elfu moja, na hata Ziwa Tanganyika hatulioni tukiwa katika viwanja vya makanisa yetu. Msomaji ana haki ya kuuliza: utabiri wa hali ya hewa kwa vyombo vya majini unatuhusu nini sisi wa milimani?

Mapadre tunaohudumia vigango vya nyanda za juu tunayajua matanga yasiyo na kaburi. Familia imekaa, jumuiya imefika, rozari inasaliwa, lakini mwili wa kijana haukupatikana. Katika matanga ya namna hiyo mama mzazi hurudia swali moja: je, hakuwapo mtu wa kuwaambia kwamba upepo unakuja? Jibu lenye uchungu ni kwamba huenda onyo lilikwisha kutolewa, lakini halikufika, au lilifika kwa mtu asiyekuwa na uwezo wa kulitii. Swali la mama huyo ndilo lililotusukuma kuandika.

Ziwa limeingia katika nyumba zetu kwa milango mitatu. Kwanza, vijana wetu hushuka. Mavuno yakiwa haba au ada ya shule ikikosekana, kijana wa Kasulu au Kibondo hupanda gari hadi Kigoma na kutafuta kazi katika mitumbwi ya dagaa, pengine hajui hata kuogelea. Pili, wageni wetu walivuka maji hayo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo waliokimbia vita, na wengi wao walifika kwa kulivuka ziwa. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, na meli ya MV Liemba ikawabeba kwa awamu hadi Kigoma kabla ya kupandishwa huku kwetu. Mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Tatu, dagaa na migebuka tunaowanunua sokoni wamevuliwa usiku na watu tusiowaona. Anayekula jasho la mtu hawezi kusema kwamba uhai wa mtu huyo haumhusu.

Tutazame kwanza jinsi mambo yalivyo. Nchi yetu ina Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, iliyopewa hadhi hiyo kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2019. Upepo mkali na mawimbi makubwa yanapotarajiwa, TMA hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, wananchi waliarifiwa mapema, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasitishwa hadi hatari ilipopita. Katika ngazi ya dunia, mwezi Machi 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza lengo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani awe anafikiwa na mfumo wa tahadhari za mapema. Neno la kushika hapo ni "kila mtu". Mvuvi wa zamu ya usiku karibu na Kagunga au Sunuka ni mmoja wa hao.

Baharini, njia ya kupokea onyo imewekwa kisheria. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwezi Aprili 1912, mataifa yalifikia mwaka 1914 mkataba wa usalama wa maisha baharini, na mkataba huo umeendelea kuboreshwa hadi leo. Tangu Februari 1999, meli kubwa zinazosafiri kati ya nchi na nchi zinapaswa kuwa na mitambo ya mfumo wa kimataifa wa dharura uitwao GMDSS. Karibu na pwani, kifaa kiitwacho NAVTEX hupokea maandishi ya utabiri kwa mawimbi ya redio na kuyachapa chenyewe. Katika bahari kuu, ujumbe kama huo hushuka kutoka kwenye setilaiti. Nahodha wa meli hiyo hahitaji kulitafuta onyo, kwa kuwa onyo humfuata alipo, hata akiwa amelala.

Mtumbwi wa dagaa hauna mitambo hiyo, wala sheria ya meli kubwa haiugusi. Mvuvi hutegemea simu na redio, na hapo ndipo matatizo huanzia. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazowavuta samaki kuja juu. Vyombo huondoka jua linapozama na kurudi alfajiri. Lakini Mtanzania amezoea kusikia utabiri wa hali ya hewa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Saa hiyo mvuvi amekwisha kuondoka, na chombo kikisogea mbali na ufuo mtandao wa simu hufifia au kupotea kabisa. Utabiri unamkuta mke nyumbani. Mume yuko gizani juu ya maji.

Tena, ziwa hili halina mzaha. Lina urefu wa takribani kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Katika miezi ya kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, upepo wa kusi huvuma kufuata urefu wake. Na upepo unaosafiri juu ya maji kwa masafa marefu bila kizuizi huyakuza mawimbi kadiri unavyokwenda. Katika miezi ya mvua hatari hubadilika sura. Ziwa liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kasulu iko zaidi ya mita 1,200. Usiku, hewa iliyopoa milimani huteremka kuelekea maji yenye uvuguvugu, husukuma hewa yenye unyevu kupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka pale mvuvi alipo. Ubaridi ule unaotufanya tujifunike blanketi mbili ni sehemu ya dhoruba inayompiga mwenzetu chini.

Je, teknolojia ya setilaiti haiwezi kumaliza tatizo? Afrika imekwisha kulijaribu jambo hilo, na funzo lake linafaa kukumbukwa. Mwezi Oktoba 1998 kampuni ya WorldSpace ilirusha setilaiti ya AfriStar ili kulitangazia bara letu kwa redio ya kidijitali, iliyosikika kwa kipokezi kidogo chenye antena yake. Wataalamu wa kituo cha ACMAD, kilichoko Niamey, Niger, pamoja na washirika wao, waliona nafasi njema. Kwa mpango ulioitwa RANET, taarifa za hali ya hewa zilipitishwa katika setilaiti hiyo hadi vijijini kusikokuwa na intaneti, na redio ndogo za jamii zikazitangaza kwa lugha za wenyeji. Mwaka 2008 kampuni hiyo ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake nchini Marekani, na huduma yake ikafa. Vipokezi vilivyosubiri sauti kutoka juu vikabaki masanduku.

Hata hivyo, si kila kitu kilikufa. Nchini Kenya, Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeanzisha redio za jamii chini ya mpango huo, kama ile ya Kangema, Murang'a, na ile ya Bulala, Budalangi, ambako Mto Nzoia hufurika karibu na Ziwa Viktoria. Redio hizo zilikuwa na wenyeji, lugha na wasikilizaji wake. Funzo ni hili: setilaiti ni njia nzuri ya kuufikisha ujumbe wilayani, lakini hatua ya mwisho, kutoka wilayani hadi mwaloni, hutembezwa na mtu anayejulikana kwa jina. Njia yote ikitegemea mlipaji wa mbali, siku atakapoacha kulipa ndiyo siku giza litakaporudi.

Kanisa halipaswi kuwa mgeni katika jambo hili. Radio Vatikani, iliyozinduliwa na Papa Pio XI tarehe 12 Februari 1931, ilijengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe, mtu ambaye mitambo yake ya mawasiliano yasiyo na waya ilikuwa imewezesha manusura wa Titanic kuokolewa. Katika pembe yetu hii ya nchi, Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara mwaka 1995, na familia zilizotenganishwa na vita zikasikia habari kwa lugha wanazozielewa. Sisi wasemao Kiha tunajua uzito wa jina hilo, kwa kuwa linagusa imani na matumaini. Redio yenye jina kama hilo inatukumbusha kwamba taarifa sahihi, inayotolewa kwa wakati na kwa upendo, ni tendo la huruma.

Lugha nayo ni sehemu ya kufika. Taarifa inaposema kwamba upepo utafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita mbili, mtaalamu ameeleza kwa usahihi. Lakini kijana aliyelima maharage hadi mwezi uliopita hana kipimo cha kulinganisha. Aambiwe hivi: huo ni upepo unaotikisa matawi makubwa ya mti na kufanya mwavuli usishikike; na wimbi hilo, likisimama mbele yake, linampita kimo. Hapo ataelewa, na pengine atashuka chomboni mwenyewe.

Hapa tunapenda kuondoa mashaka mawili yanayosikika katika jumuiya zetu. La kwanza ni la wanaodhani kwamba utabiri huu ni jamaa wa ramli. Maneno yanakaribiana, lakini mambo yenyewe yako mbali. Kanisa linakataza upigaji ramli kwa sababu anayepiga ramli hujidai kuwa na mamlaka juu ya siri zilizo mikononi mwa Mungu. Mtaalamu wa hali ya hewa hana siri yoyote: anapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, anatazama picha za mawingu kutoka kwenye setilaiti, anakokotoa, kisha anatuambia lipi lina uwezekano mkubwa. Anaweza kukosea, na upepo usipovuma siku aliyoutaja, hiyo haimfanyi kuwa mwongo, kama vile mlinzi aliyekesha usiku ambao mwizi hakuja hakukesha bure. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 12, aliwatambua watu wa zama zake kuwa mafundi wa kusoma mawingu na upepo wa kusi. Aliwalaumu kwa kuwa hawakuzisoma pia nyakati.

Shaka la pili limevaa nguo ya imani: "Mungu atatulinda." Naam, Mungu hulinda. Lakini Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake, alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Anayelisikia onyo, akalidharau, kisha akafunga hirizi ukingoni mwa mtumbwi au hata akavaa rozari shingoni kama hirizi, hajamtumaini Mungu. Amempa Mungu amri.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, kinasimulia safari ya Mtume Paulo kuelekea Roma akiwa mfungwa. Majira mabaya ya bahari yalikuwa yamewadia, na Paulo akawaonya kwamba safari hiyo ingeleta hasara ya shehena, ya chombo na ya maisha ya watu. Akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Wengi nao wakashauri kuondoka. Upepo mwanana wa kusi ulipovuma wakadhani mambo yamewanyookea, na haukupita muda dhoruba ikawaangukia. Tusome vizuri: onyo lilikuwapo, na lilitolewa kwa wakati. Lilishindwa kwa sababu aliyelitoa alikuwa mfungwa, na aliyesikilizwa alikuwa mwenye mali.

Ndivyo ilivyo hata leo mwaloni. Mvuvi wa kawaida hana mshahara wa mwezi. Hupata sehemu yake baada ya kuuza, gharama za mafuta na za chombo zikiwa zimeondolewa. Usiku asioenda majini ni usiku asiokula, na pengine ni usiku wa kupoteza nafasi, kwa maana wapo wengine kumi wanaoisubiri. Mwenye chombo naye ana mkopo wa injini na nyavu. Katika hali hiyo, hata kama setilaiti bora duniani ingemletea kijana ujumbe mkononi, angeusoma, angeutazama uso wa tajiri wake, kisha angepanda. Onyo huokoa linapomfikia mtu wa mwisho mtumbwini na kumkuta akiwa huru kulitii. Bila uhuru huo tumempa tu taarifa ya kifo chake.

Mafundisho ya Kanisa hapa hayana utata. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikifafanua amri ya tano katika namba 2269, inafundisha kwamba sheria ya maadili inakataza kumweka mtu katika hatari ya kifo bila sababu nzito, na inakataza pia kumnyima msaada aliye hatarini. Mapato ya usiku mmoja si sababu nzito. Kwa hiyo, mwenye chombo anayewasukuma watu majini baada ya tahadhari kutolewa, au anayemfukuza aliyekataa kwenda, asijifariji kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu. Anayo hoja ya kupeleka katika kitubio. Na tusidhani kwamba wenye vyombo ni watu wa Kibirizi na Katonga peke yao. Wapo pia miongoni mwetu walioweka fedha zao katika mitumbwi na nyavu, na ambao Dominika huketi viti vya mbele.

Tufanye nini basi? Tunapendekeza mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila familia iliyo na kijana ziwani ijue yuko mwalo gani na namba ya simu ya mtu mmoja mwaminifu wa hapo. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo waandike majina ya vijana wao walioshuka, na parokia za nyanda za juu ziyapeleke kwa parokia za ufukweni, ili mtoto wetu asiwe mgeni kabisa katika nchi ya watu. Vigango vya mwambao vichague msikilizaji mmoja atakayepokea taarifa ya TMA kila siku mchana na kuisoma mwaloni kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kiha au Kirundi inapohitajika. Bendera nyekundu na kengele ya kanisa, ikipigwa kwa mlio uliokubaliwa, haziishiwi salio wala chaji. Redio zetu za Kanisa nazo zitenge dakika tano za alasiri kwa ajili ya ziwa. Dakika tano za saa kumi zina thamani kuliko saa nzima baada ya chombo kuondoka.

Kuhusu mapato, vikundi vya wavuvi na wenye vyombo wakae pamoja waanzishe mfuko mdogo wa siku za tahadhari, kila mvuo ukichangia kidogo, ili mvuvi aliyebaki nchi kavu kwa kutii onyo apate unga wa siku hiyo. Tunao uzoefu wa vikoba na vya kufa na kuzikana. Ikiwa tunaweza kuchangia sanda, tunaweza kuchangia pia kibaba cha unga kitakachoichelewesha sanda. Jaketi okozi nazo zihesabiwe kama sehemu ya chombo, sawasawa na injini. Mzazi anayemwaga kijana wake asisite kuuliza kama anakokwenda zipo.

Kwa Serikali tunasema asante na tunaomba. Asante kwa wataalamu wanaokesha wakitazama mawingu kwa ajili yetu. Tunaomba utabiri wa Ziwa Tanganyika utolewe kwa kuligawa ziwa sehemu sehemu, kwa maana mvuvi wa Kagunga na mvuvi wa Kalya hawapigwi na upepo mmoja kwa saa moja. Tunaomba pia kwamba tahadhari inapotolewa, anayesimamia mwalo awe na mamlaka ya kuzuia vyombo kuondoka, na anayemwadhibu mfanyakazi kwa kutii tahadhari awajibishwe.

Safari ya Mtume Paulo haikuishia katika dhoruba. Baada ya siku nyingi za giza, akida yuleyule aliyempuuza alianza kumsikiliza, akamwokoa yeye na wafungwa wenzake mikononi mwa askari waliotaka kuwaua. Na watu 276 waliokuwamo, bwana na mfungwa, walifika wote ufuoni Malta wakiwa hai. Meli ilivunjika, shehena ikapotea, watu wakabaki. Huo ndio mpangilio sahihi wa thamani, na ndio tunaouombea mwambao wetu.

Tunaomba kwamba Dominika ya Bahari ijayo isipite kimya katika parokia za Kasulu na Kibondo. Katika sala ya waamini, watajwe kwa majina vijana wetu walioko majini, na wale ambao maji hayakuwarudisha. Kisha, baada ya Misa, kila mmoja wetu aliye na ndugu ziwani ampigie simu kabla ya saa kumi jioni, amwambie utabiri wa usiku huo. Bikira Maria, Nyota ya Bahari, awaongoze nyumbani.